Njia Isiyotumika Ndiyo Inayoshusha Bei

Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma za intaneti nchini Kenya walifungua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP. Kabla ya hapo, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani, kama ofisi hizo mbili zilikuwa wateja wa kampuni tofauti, ilirushwa kwenye setilaiti, ikatua Ulaya au Marekani, ikageuzwa huko na kurudishwa. Safari yote hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Kituo kilikuwa bado kichanga pale Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ilipolalamika kwa mdhibiti kwamba haki yake imeingiliwa. Mitambo ikazimwa. Ulipita zaidi ya mwaka wa mabishano hadi kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Miaka kumi baadaye, ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Internet Society ilionyesha matokeo: muda wa data kusafiri ndani ya nchi ulikuwa umeshuka kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na kampuni zilikuwa zikiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Njia fupi iliwezekana muda wote, na ilikuwa ya bei nafuu. Kilichokosekana ni sababu ya mwenye njia ndefu kuikubali. Hapo ndipo ulipo ugumu wa upangaji njia kwenye mtandao wenye wamiliki wengi. Kutafuta njia fupi kwenye ramani ni kazi ambayo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Kazi ngumu ni kuipata ramani yenyewe kutoka kwa watu ambao kila mmoja ana faida ya kukuficha kipande chake.

Kuna hisabati inayoshughulikia jambo hili hasa, na nadhani hatujaitumia inavyostahili. Wengi wanaoijua huichukulia kama fomula ya malipo, wakaikataa kwa sababu malipo yake ni makubwa mno. Mimi naiona kama kipimo. Inamwonyesha mdhibiti na mwekezaji wa umma ni kipande gani cha mtandao kimeishika nchi shingoni, na inaonyesha kwa tarakimu kwamba mara nyingine njia yenye faida kubwa kwa taifa ni ile ambayo haitapitisha hata baiti moja.

Mwaka 1999 Noam Nisan na Amir Ronen walichapisha kazi iliyouliza swali hili kwa lugha ya sayansi ya kompyuta. Tuna mtandao, kila kiungo kina mwenyewe, na mwenyewe peke yake ndiye anayejua gharama halisi ya kupitisha data kwenye kiungo chake. Je, tunaweza kutunga kanuni ya malipo ambayo itamfanya kila mmiliki, akiwa anafuata faida yake tu, aone kwamba kusema kweli ndiko kunakomlipa? Jibu walilikuta kwa wachumi. William Vickrey alikuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba mnada wa siri ambao mshindi analipa dau la mtu wa pili unamwondolea kila mnunuzi sababu ya kuficha thamani anayoiona. Edward Clarke mwaka 1971 na Theodore Groves mwaka 1973 wakalipanua wazo hilo. Vickrey alitangazwa mshindi wa Nobel Oktoba 1996, akafariki siku tatu baadaye, kabla ya kuona mawazo yake yanahamia kwenye mitandao ya kompyuta.

Kanuni yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa tarakimu. Chukua mfano wa kubuni. Data inatoka Mwanza kwenda Mombasa. Kampuni moja inaipeleka hadi Arusha, ya pili inaipokea na kuifikisha Voi, ya tatu inaifikisha Mombasa. Kila moja inagharimika shilingi 10 kwa kiasi fulani cha data, kwa hiyo njia nzima ni shilingi 30. Ipo njia nyingine, ya kupitia Kisumu na Nairobi, mali ya kampuni moja, nayo inagharimu shilingi 60. Mpangaji wa njia hajui hata moja ya gharama hizi. Anaziuliza kampuni, zinataja, kisha anachagua njia yenye jumla ndogo.

Akisema atamlipa kila mtu alichotaja, kila mtu atataja zaidi. Kwa hiyo anafanya vingine. Kampuni iliyotumika inalipwa kwa kuangalia mtandao ungeumia kiasi gani kama yenyewe isingekuwapo. Itoe kampuni ya Arusha hadi Voi: data italazimika kupita Kisumu kwa 60. Ikiwapo, wenzake wawili wanagharimu 20. Tofauti ni 40, na ndiyo malipo yake. Hesabu ni ileile kwa wenzake, kila mmoja 40.

Sasa kampuni hiyo ijaribu kudanganya. Itaje 25 badala ya 10: jumla ya njia inakuwa 45, bado inashinda, na malipo yanabaki 40, kwa sababu tarakimu yake yenyewe haimo kwenye hesabu ya malipo yake. Itaje 45: jumla inafika 65, data inahamia Kisumu, nayo inakosa kila kitu. Mwenye njia ya Kisumu naye akitaja 25 ili ashinde, atalipwa 30, ambayo ni gharama ya njia iliyokaa kando, huku yeye mwenyewe akigharimika 60. Kila upande uongo ama hauongezi kitu ama unatia hasara. Mtu anayejali tumbo lake tu atasema kweli, na hahitaji kukisia wenzake watasema nini. Binafsi sijui matokeo mengi katika uchumi yanayofikia uzuri huu.

Lakini tazama bili. Kampuni tatu, 40 kila moja, jumla 120. Gharama halisi ya njia ni 30. Na hiyo 120 ni mara mbili ya gharama ya njia mbaya ya Kisumu! Hili si kosa la hesabu yangu. Aaron Archer na Éva Tardos walilichunguza mwaka 2002 na kuonyesha kwamba kadiri njia inavyokuwa na viungo vingi, ziada inaongezeka, kwa sababu kila kiungo kinadai peke yake pengo lote lililopo kati ya njia bora na inayofuata. Mwaka 2004 Edith Elkind, Amit Sahai na Ken Steiglitz wakaonyesha kwamba kutafuta fomula nyingine hakusaidii sana: kanuni yoyote inayomfanya kila mtu aseme kweli katika tatizo hili inaweza kukutana na mtandao utakaoilazimisha kulipa ziada kubwa kiasi hicho.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa fani hii hufunga kitabu, nami naona wanafunga mapema. Kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Ile ziada ya shilingi 90 ni pesa inayohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Inauma, hasa kama mfuko unaotolewa ni wa mlipa kodi, ila hakuna dizeli iliyochomwa wala mtambo uliochakaa kwa ajili yake. Tuseme sasa tumeacha kanuni hii na kurudi kwenye kumlipa kila mtu alichotaja. Kampuni tatu zina shilingi 30 za kugombania kati ya gharama yao na bei ya Kisumu. Zikiwa na kiasi, bili itakaa chini ya 60, nafuu kuliko 120. Kila moja ikijivutia kidogo tu, ikataja 21, jumla ni 63, na data inazunguka Kisumu. Hapo nchi imetumia rasilimali za 60 kufanya kazi ya 30, na shilingi 30 zimepotea kabisa, hakuna aliyezipata. KIXP ilipokuwa imezimwa, hasara ilikuwa ya aina hii ya pili.

Kwa hiyo bili ya 120 inatuambia nini? Inatuambia kwamba kati ya Mwanza na Mombasa kuna pengo la 30 kati ya njia ya kwanza na ya pili, na kwamba kila aliyesimama kwenye njia ya kwanza anaweza kulitumia pengo hilo. Fomula imelianika tu, na pengo lilikuwapo kabla yake. Ukitumia zabuni, mikataba ya faragha au mazungumzo ya usiku hotelini, pengo hilo bado lipo na mtu atalila.

Sasa ongeza njia ya tatu kwenye mfano. Mtu analaza waya mwingine kamili kutoka Mwanza hadi Mombasa, wenye gharama ya shilingi 36. Data haitapita hapo hata siku moja, maana njia ya 30 bado ni bora. Rudia hesabu: itoe kampuni moja, mbadala sasa ni 36, wenzake ni 20, malipo ni 16. Tatu kwa 16 ni 48. Waya ambao haujapitisha chochote umeishusha bili kutoka 120 hadi 48, na njia inayotumika ni ileile, kampuni ni zilezile, ukweli ni uleule.

Halafu uliza nani ataujenga. Mwenye waya huo, kwa kanuni hii, analipwa sifuri. Mwekezaji binafsi akipiga hesabu ataona kwamba hawezi kuwashinda wenye 30, ataondoka zake, na atakuwa sahihi kabisa. Faida yote ya shilingi 72 inakwenda kwa mlipaji. Hii ndiyo hoja yangu kubwa: soko lenyewe, hata likiendeshwa kwa kanuni ya kweli tupu, halina namna ya kumlipa anayejenga njia ya pili. Anayeweza kumlipa ni yule anayebeba bili, yaani wateja wakiwa pamoja, na kwa kawaida wateja wakiwa pamoja maana yake ni serikali au ushirika wa makampuni yanayonunua.

Ukanda wetu umewahi kufanya hivyo. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wowote mkubwa wa baharini, tulikuwa tukiishi kwa setilaiti. Mradi wa mkongo wa EASSy ulikuwa unajadiliwa kwa miaka, nani amiliki na nani auziwe kwa masharti gani. Serikali ya Kenya ilipochoka kungoja, ilishirikiana na Etisalat ya Umoja wa Falme za Kiarabu na makampuni ya nyumbani, wakalaza TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah. SEACOM, wa wawekezaji binafsi, ukawashwa Julai mwaka huohuo wa 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Bei ya jumla ya kwenda nje ikaporomoka. Tanzania nayo ilijenga Mkongo wa Taifa, unaofika mipakani na kuuza uwezo kwa kampuni zote na kwa majirani wasio na bahari. Nimesikia mara nyingi miradi hii ikipimwa kwa swali moja: mkongo unatumika kwa asilimia ngapi? Ni swali linalofaa kwa mhasibu wa kampuni. Kwa mkongo wa umma ni nusu ya swali, kwa sababu haligusi kabisa kile ambacho mkongo unakifanya kwenye bei za wengine.

Najua pingamizi moja nzito. Mwaka 1968 mwanahisabati wa Ujerumani Dietrich Braess alionyesha kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kumchelewesha kila dereva, kama kila mmoja anachagua njia yake mwenyewe na barabara zinajaa. Mitandao ya data nayo hujaa. Ila kinachotokea kwa Braess ni kwamba njia mpya inawavuta wote kwenye vipande vilevile vyembamba. Njia inayosimama peke yake toka mwanzo hadi mwisho haina tabia hiyo. Na Tim Roughgarden pamoja na Tardos walikwisha kuthibitisha kwamba pale ucheleweshaji unapopanda kwa mstari ulionyooka, hasara ya kila mtu kujichagulia haizidi theluthi moja juu ya mpangilio bora. Nalikubali pingamizi kama onyo la jinsi ya kujenga. Halinizuii kujenga.

Onyo lililo zito zaidi kwangu linahusu umiliki. Rudi kwenye waya wa 36, tuseme umenunuliwa na kampuni ileile ya Arusha hadi Voi. Kwenye ramani hakuna kilichobadilika. Kwenye hesabu, ukiitoa kampuni hiyo unaondoka na waya mbadala pia, data inarudi Kisumu, na malipo yake yanarudi kuwa 40. Bili inapanda kutoka 48 hadi 72 kwa mkataba wa mauzo ambao hakuna mteja aliyeusoma. Kumruhusu mwenye njia kuu anunue njia ya akiba ni kuifuta njia ya akiba, hata kama mwanga unaendelea kupita ndani yake.

Na njia mbili zinaweza kuwa za wamiliki tofauti zikawa bado ni njia moja. Tarehe 24 Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika kwenye Bahari ya Shamu, ukiwemo upande wa kaskazini wa SEACOM. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, SEACOM na EASSy zilikatika pamoja upande wa kusini, baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Aliyenunua uwezo kwenye SEACOM na EASSy akihesabu ana njia mbili alijikuta hana hata moja. Hapa ukweli unaotafutwa kutoka kwa mmiliki umezidi bei. Ni lazima aseme waya wake unapita wapi, kwenye mtaro gani, chini ya bahari gani, jirani na waya wa nani.

Hilo linanileta kwenye namna nyingine ya kupata ukweli, isiyohitaji kulipia. Intaneti ya leo haiendeshi mnada wowote. Mitandao inaambizana njia kwa kanuni inayoitwa BGP, iliyochorwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter kwenye karatasi za kujifutia mikono mezani, na kila mtandao unatangaza: kwangu unaweza kufika mahali fulani. Joan Feigenbaum, Christos Papadimitriou, Rahul Sami na Scott Shenker walionyesha mwaka 2002 kwamba BGP ikiongezewa kidogo inaweza kukokotoa yale malipo ya kweli bila kituo kikuu cha hesabu. Kwa hiyo kiufundi inawezekana. Haijafanyika kwa sababu hakuna keshia. Nani alipe ziada ya 90, kwa sarafu ipi, kwa mtandao unaovuka nchi kumi? Tena kanuni inamlinda mpangaji dhidi ya mwongo mmoja mmoja tu. Zile kampuni tatu zikikubaliana kutaja sifuri, kila moja italipwa 60 na bili itafika 180. Zinashusha bei zilizotajwa ili kupandisha malipo yao, na mkaguzi anayetafuta bei zilizoongezwa hataona kitu.

Ndani ya BGP uongo unakuwa wa njia zaidi ya bei. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, ikijaribu kuifunga YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza anwani za YouTube kama zake, mtandao wa PCCW wa Hong Kong ukaupitisha ujumbe huo, na kwa takriban saa mbili watu wengi duniani waliotafuta YouTube walielekezwa Pakistan. Ilikuwa bahati mbaya, lakini BGP haina macho ya kutofautisha bahati mbaya na hila. Mwaka huohuo Hagay Levin, Michael Schapira na Aviv Zohar walitoa matokeo ambayo nayaona muhimu kuliko yote kwa nchi zisizo na pesa ya kumwaga. Mtandao ukiweza kuhakikisha kwamba njia inayotangazwa kweli ipo, basi, katika mazingira ambayo BGP inatulia, yaani mitandao inaacha kubadilishabadilisha njia, kufuata kanuni kwa uaminifu ndiko kunakomfaa kila mshiriki. Hata kikundi kilichoungana hakiwezi kupanga uongo utakaowanufaisha wote waliomo. Bila senti moja ya malipo.

Nyenzo za kuanzia zipo. Vyeti vya RPKI vinathibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi, na kwa Afrika vinatolewa na AFRINIC iliyoko Mauritius. Vinathibitisha mwanzo wa njia tu, si kila hatua yake, kwa hiyo havitoshi, ila mtandao usiovitumia unaacha mlango wazi kwa kosa la aina ya Pakistan.

Nikiweka pamoja matokeo haya, naona kazi ambayo TCRA, yaani mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na wenzao wa Kampala na Kigali wanaweza kuifanya bila sheria mpya kubwa. Kila leseni ya miundombinu idai vitu vitatu: njia halisi ya waya ardhini na baharini, mmiliki wa mwisho wa kila kipande, na uwezo uliokodishwa kwa wengine. Kisha mdhibiti apige ile hesabu ya Nisan na Ronen, akimwondoa mmiliki mmoja baada ya mwingine na kuona gharama ya nchi inapanda kiasi gani. Vilevile afanye kwa mitaro na vipande vya bahari, maana nanga ya meli haiulizi waya ni wa nani. Orodha itakayopatikana, kuanzia kipande chenye pengo kubwa kabisa, ndiyo iwe mpangilio wa mahali pa kuweka fedha za mifuko ya mawasiliano kwa wote, na ndiyo itazamwe kila kampuni inapoomba kuinunua nyingine. Pale pengo lisipo na mwisho, yaani ukimwondoa mmiliki hakuna njia kabisa, mdhibiti apange bei hadi njia ya pili ijengwe, kwa sababu hapo hakuna mnada wa aina yoyote utakaofanya kazi.

Makampuni yatasema ramani hizo ni siri ya biashara, na kwa kiasi fulani yana haki, kwani ramani kamili mikononi mwa mhujumu ni hatari. Mdhibiti hahitaji kuzichapisha. Anachohitaji kutangaza ni matokeo: ni viungo gani visivyo na mbadala, ni akiba gani ya uongo, na nani kanunua njia ya pili ya nani.